Gesare na Pikipiki Zinazokunywa Kidogo

Ukitoka Kisii kuelekea Manga, kabla barabara haijaanza kujipinda kuparamia mlima, upande wa kushoto utaona kibanda cha mabati kilichopakwa rangi ya samawati. Hakina bango. Waendesha boda wa sehemu hizo humwita mwenye kibanda Fundi wa Chupa, na mgeni akiulizia fundi ataelekezwa hapo hata kama amepita mafundi wengine watatu njiani. Jina lake hasa ni Phanice Gesare. Ana miaka thelathini na tisa, ni mama wa watoto watatu, na ni Msabato asiyeshika spana kuanzia Ijumaa jua likizama mpaka Jumamosi jioni. Mikono yake imezama katika oili miaka mingi hivi kwamba hata akiisugua kwa sabuni na majivu, mistari ya viganja hubaki myeusi kama iliyochorwa kwa kalamu.

Alizaliwa Masimba, nyuma ya kinu cha kusaga mahindi. Kinu kilikuwa cha baba yake, Mose, nacho kiliendeshwa na injini ya dizeli iliyonunuliwa ikiwa kuukuu tayari. Mose hakusomea injini, lakini alikuwa na masikio. Katikati ya kumhudumia mteja alikuwa akinyamaza ghafla, akainua kidole.

"Sikiliza," angemwambia bintiye. "Sasa inakunywa bure."

Kisha angetoka nje kutazama bomba la moshi. Moshi ukiwa mweusi, angerudi ndani akazungusha kijiti hiki, akalegeza skrubu ile, akatoka tena kutazama. "Ule weusi ni dizeli iliyokataa kuungua," alimweleza. "Nimeinunua, halafu naipeleka mbinguni." Gesare alikua akidhani kila mtoto ana baba anayetoka nje kutazama moshi.

Alipofika miaka ishirini na moja aliolewa Manga na Lewis Ombui, kijana mpole wa maneno machache aliyekuwa na shamba dogo la majani chai aliloachiwa na babake, migomba, na pikipiki. Shamba liliwalisha. Pikipiki ndiyo iliyoleta sukari, karo na sare za shule. Lewis alikuwa akibeba watu na mikungu ya ndizi kutoka juu mlimani hadi barabarani, akapanda na mbolea, saruji, au mama mjamzito. Na kama wenzake wote wa steji, kituo chao cha boda, alikuwa na desturi moja: akifika mwanzo wa mteremko, alizima injini, akaweka fri, gia isiwepo, akaiachia pikipiki ishuke yenyewe kwa uzito wake. Kilomita tatu za kona na changarawe, kimya, upepo tu masikioni. Waliona ni werevu. Mafuta hayatumiki, nao wanafika.

Agosti ya mwaka 2019 Lewis alikuwa akishuka hivyo, mikungu minne ya ndizi nyuma. Kwenye kona ya pili kutoka chini alikanyaga breki akakuta hakuna kitu. Breki ilikuwa imeshika tangu juu, ikapata moto, ikachoka. Mbele lori la majani chai lilikuwa likipanda polepole, limejaza barabara. Injini ingekuwa inawaka na gia imo, ingalau ingemshikilia. Ilikuwa imezimwa. Aliingia mtaroni.

Paja la kulia lilivunjika mahali pawili. Alilala hospitalini Kisii wiki sita, mguu umening'inizwa. Siku ya tatu, dawa za maumivu zilipompa nafasi ya kuongea, Gesare aliketi kando ya kitanda akamuuliza.

"Ulikuwa umezima?"

Lewis alitazama dari. "Nilikuwa nimezima."

"Kuokoa nini?"

"Mafuta."

"Kiasi gani?"

Lewis alifikiri. Alikuwa ameteremka mlima ule pengine mara elfu tano. "Sijui," alisema.

Gesare hakumlaumu. Lakini alipokuwa akirudi nyumbani lile neno lilimkaa kifuani kama tonge lililokataa kushuka. Alipita steji, akawauliza wenzake Lewis, mmoja baada ya mwingine: ukizima kutoka juu hadi chini, unaokoa mafuta kiasi gani? Mmoja akasema nusu lita. Mwingine akasema robo. Geoffrey, mwenyekiti wao, mwanamume mnene mwenye koti la ngozi alilolivaa hata jua likiwaka, alicheka.

"Mama, sisi hatupimi. Sisi tunajua tu."

Pikipiki ilipelekwa kwa fundi mmoja wa Kiogoro. Fundi yule alikuwa na kazi nyingi na ahadi nyingi zaidi. Leo aliambiwa kesho, kesho akaambiwa Jumatatu. Mwishowe Gesare alianza kwenda kila asubuhi akimaliza kuchuma majani chai, akaketi juu ya tairi kuukuu na kungoja. Kukaa bure kulimshinda. Akaanza kushika tochi, kisha kuosha vyuma kwa mafuta ya taa, kisha kufungua kile alichoambiwa afungue. Pikipiki ya Lewis ilipotengenezwa hatimaye, aliitengeneza yeye mwenyewe, fundi akimwelekeza kwa mdomo huku anakula mandazi. Hakuacha kwenda. Alikaa pale miezi minane bila mshahara, akijifunza. Lewis alikuwa amerudi nyumbani na magongo, akiwapikia watoto na kupalilia akiwa ameketi juu ya kigoda. Walioona jambo hilo walicheka, wakachoka kucheka.

Kibanda chake alikifungua mwanzoni mwa 2021, chini ya mlima. Ile chupa ilikuja mwezi wa kwanza.

Ilikuwa chupa ya plastiki ya soda, ya nusu lita. Alitoboa kifuniko, akapitisha mpira mwembamba, akaufunga vizuri usivuje. Pikipiki ikija, alifunga bomba la tangi, akaining'iniza chupa kwenye usukani na kuunganisha ule mpira na kabureta. Kwenye ubavu wa chupa alikuwa amechora mistari kwa kalamu ya wino usiofutika. Halafu alipanda pikipiki na kuiendesha njia ile ile, mwendo ule ule, mpaka nusu lita iishe, akasoma kilomita. Hapo ndipo alipoanza kazi: kupima upepo wa tairi, kuzungusha gurudumu aone kama breki inashika pale isipotakiwa, kukaza na kupaka cheni oili, kusafisha chujio la hewa lililoziba kwa vumbi jekundu. Akimaliza, alijaza chupa tena na kupita njia ile ile.

Matokeo yalimshangaza hata yeye. Pikipiki nyingi zilikuwa zikienda kilomita kumi na nane au kumi na tisa kwa nusu lita. Baada ya marekebisho zilienda ishirini na nne, ishirini na tano. Tairi laini peke yake lilikuwa mwizi mkubwa. Mwizi mwingine alikuwa waendeshaji wenyewe: wengi walikuwa wamempa fundi fulani aitoboe jeti ya kabureta, ule mdomo mdogo unaopitisha petroli, iwe pana, wakiamini wataongeza nguvu. Walichoongeza kilikuwa moshi. Gesare alikuwa akiinama nyuma ya bomba, akanusa, akasema neno moja tu, "Nyeusi," kisha akaichomoa jeti ile na kumtuma mwenyewe mjini akanunue mpya.

Siku ambayo watu wa Manga huikumbuka zaidi, hata hivyo, ni ile aliyowaita steji nzima kuhusu mteremko. Ilikuwa Jumapili asubuhi. Alimwambia Geoffrey alete pikipiki yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyesema hawapimi.

"Panda nayo mpaka juu na tangi lako," alimwambia. "Tukifika juu nitakufungia chupa. Utashuka injini ikiwaka, gia ya tatu imo, mkono wa mafuta umeuachilia kabisa. Usiguse mafuta mpaka chini."

"Na injini itakunywa."

"Itakunywa. Tutaona kiasi."

Gesare alimfuata kwa pikipiki ya Lewis. Kule juu alijaza chupa mpaka mstari wa kwanza, mbele ya watu saba waliopanda kushuhudia. Geoffrey alishuka kwa utaratibu, injini ikinguruma kwa kuzuia mwendo, breki akizigusa tu kwenye kona. Chini kulikuwa na watu kama thelathini. Gesare alizima injini, akaichomoa chupa na kuiinua mbele ya macho yao. Mafuta yalikuwa yameshuka kidogo sana. Alichukua kifuniko cha chupa nyingine akaongeza petroli kwa kifuniko, akihesabu kwa sauti, mpaka mstari ukajaa tena. Vifuniko vinne.

"Hii," alisema, "bei ya leo haifiki shilingi nne."

Lewis alikuwa amesimama pembeni na gongo moja, kwa maana la pili alikuwa amekwisha kuliacha. Gesare hakumtazama wala hakumtaja. Hakukuwa na haja. Geoffrey aliivua helmeti, akaigeuza mikononi.

"Vifuniko vinne," alirudia.

Si wote walioacha kuzima. Desturi ya miaka haiishi kwa asubuhi moja. Lakini wengi waliacha, na kuanzia siku hiyo jina la Fundi wa Chupa likamganda. Petroli ilipovuka shilingi mia mbili kwa lita mwaka 2023, walikuja watu kutoka Nyamira na hata Kisii mjini. Kuna asubuhi alizokuta pikipiki kumi na mbili zimeegeshwa mbele ya kibanda kabla hajafungua kufuli. Kabureta ikawa ndiyo ugali wake.

Ndipo akaja Yakub.

Yakub alikuwa na duka la spea Kisii mjini. Babu yake alikuja zamani kufanya biashara akaoa na kubaki, na Yakub aliongea Ekegusii kama mtu wa Bonchari na Kiswahili kama mtu wa pwani. Gesare alikuwa mteja wake wa miaka mitatu. Siku moja ya mwaka 2024, mwezi wa Mei, alifika kibandani juu ya pikipiki ambayo Gesare hakuisikia ikija. Aliinua uso akamkuta amesimama mlangoni.

"Fundi, habari ya kazi?"

"Nzuri, Bwana Yakub. Umekuja kwa miguu?"

Yakub akacheka, akamwonyesha. Pikipiki ya stima, nyeupe, betri chini ya kiti. Alikuwa ameleta mbili kujaribu biashara. Mjini zilikwenda vizuri. Tatizo lilikuwa kwamba kila mteja alimuuliza swali moja tu: inapanda Manga?

"Nikiwaambia inapanda, wanasema mimi ni muuzaji, lazima niseme hivyo," alisema. "Lakini wewe ukiwaambia, wataamini. Nataka uipime mbele yao. Ikishindwa, sema imeshindwa."

Gesare aliizunguka pikipiki ile. Alipiga magoti, akatafuta kwa macho mahali pa kabureta, ingawa alijua haipo. Hapakuwa na bomba la moshi, chujio la hewa, wala plagi. Kila kitu alichokuwa akilipwa kukirekebisha kilikuwa kimeondolewa.

"Hii ikienea," alisema polepole, "mimi nitarekebisha nini?"

Yakub hakumdanganya. "Sijui, dada yangu. Tairi. Breki. Na yale ambayo bado hatujayajua."

Gesare alimwomba siku tatu za kufikiri. Jioni alimweleza Lewis huku wakimenya ndizi za kupika. Lewis alisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe uliwahi kupima kitu ukaficha jibu?" aliuliza.

"Sijawahi."

"Basi pima."

Yakub hafanyi kazi Ijumaa mchana, Gesare hafanyi Jumamosi, kwa hiyo wakakubaliana Jumapili. Habari zilikuwa zimeenea. Watu walipanga mstari barabarani kama wanaongoja mbio za baiskeli. Geoffrey alitaka mzigo uwe wa kweli, na hakuna aliyembishia: mwendeshaji, abiria mmoja mwanamume, na mikungu miwili mikubwa ya ndizi. Mwendeshaji alikuwa mfanyakazi wa Yakub kutoka mjini, mtu wa kujionyesha, na aliiondoa pikipiki kwa kasi mpaka watu wakaruka pembeni.

Kona ya kwanza ilipita. Ya pili ikapita. Kwenye kona ya tatu, pale penye mwinuko mkali, pikipiki ilipunguza mwendo, taa nyekundu ikawaka kwenye usukani, ikasimama. Moto ulikuwa umezidi kwenye mota, ikajikata yenyewe ili isiungue. Abiria alishuka. Ndizi zikashushwa. Kicheko kilichotoka kwenye mstari ule wa watu kilisikika mpaka kituo cha majani chai.

"Imekumbuka nyumbani!" mmoja alipiga kelele.

"Mpeni uji!"

Wakaisukuma kurudi chini. Yakub alikuwa akitabasamu kwa adabu, lakini shingo ilikuwa imemlowa jasho. Geoffrey alimjia Gesare.

"Fundi, imeisha. Sema imeshindwa."

"Imeshindwa leo," Gesare alisema. "Nimesema mbele ya wote. Sasa niacheni niangalie kwa nini."

Watu walipotawanyika, aliiinua pikipiki juu ya kisimamio chake cha katikati na kuzungusha gurudumu la nyuma kwa mkono. Lilizunguka nusu raundi likasimama. Alizungusha tena. Breki ya nyuma ilikuwa inashika muda wote. Aliweka kipimo kwenye tairi: upepo ulikuwa nusu ya unaotakiwa. Kisha akamuuliza yule mfanyakazi kile kitufe chenye namba moja, mbili, tatu ni cha nini.

"Ni cha nguvu. Nilikuwa nimeweka tatu tangu chini."

"Tangu chini?"

"Si ni mlima, mama?"

Gesare alikaa juu ya tairi kuukuu akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Ulikuwa ni ugonjwa ule ule. Chuma kilikuwa kigeni, lakini wezi wake walikuwa wale aliowajua kwa majina: upepo, breki, na mkono wa mwendeshaji.

Aliomba aachiwe pikipiki wiki nzima. Alilegeza breki, akajaza tairi, akaipeleka mlimani kila alfajiri kabla ya kufungua kibanda, akianza bila mzigo, kisha na gunia la mchanga, kisha magunia mawili. Badala ya mistari ya chupa alisoma asilimia za betri. Aligundua kwamba ukianza polepole kwa namba moja na kushika mwendo wa mtu anayekimbia, mota haipati moto. Ukitaka kupanda kama mwewe, inakata. Na aligundua jambo jingine, ambalo hakumwambia mtu bado.

Jumapili iliyofuata watu walikuwa wachache. Gesare aliiendesha mwenyewe. Abiria alikuwa Geoffrey, kwa uzito wake wote na koti lake la ngozi, na mkungu mmoja wa ndizi. Wa pili Gesare aliukataa wazi: "Mikungu miwili na mtu kama huyu haiwezi. Hilo nimeshapima." Walipanda kwa mwendo uliowaudhi waliokuwa wakitazama. Kona ya tatu walipita. Walipofika juu, betri ilikuwa imeshuka kutoka asilimia tisini hadi sitini na tisa.

Geoffrey alishuka, akaishika mota kwa kiganja. Ilikuwa moto, lakini wa kuvumilika. Alichukua pikipiki nyingine akarudi chini peke yake.

Lewis alikuwa juu. Alikuwa amepanda kwa miguu, akichechemea, njia ya mkato ya mashambani. Tangu ajali hakuwahi kushuka mteremko ule juu ya pikipiki ya mtu yeyote. Akienda mjini alitembea mpaka chini, hata mvua ikinyesha, na watu walikuwa wameacha kumuuliza.

"Panda," Gesare alisema.

Lewis alitazama barabara. "Hii haina injini ya kuzuia."

"Ina mota. Ukiachilia mkono, inazuia yenyewe, na inarudisha stima kidogo kwa betri. Nimeshuka nayo mara kumi na nane wiki hii, na mchanga nyuma. Breki nimeifunga mimi."

Mwanamke mmoja alipita na kikapu cha majani chai, akawaamkia, wakaitikia. Kisha Lewis akainua mguu wake mbaya kwa mikono miwili, akaupitisha juu ya kiti, akaketi. Alimshika mkewe kiunoni kwa nguvu kupita kiasi.

Walishuka bila kelele. Gesare aliachilia mkono, akasikia mota ikivuta nyuma kwa upole, kama mtu aliyeshika ng'ombe kwa kamba. Kwenye kona ya pili kutoka chini alihisi vidole vya Lewis vikichimba mbavu zake. Kona ikapita. Mtaro ukapita. Walipofika chini Lewis aliendelea kuketi, kofia imeteremka usoni.

"Soma betri," alisema hatimaye.

"Sabini na moja."

"Ulianza na ngapi kule juu?"

"Sitini na tisa."

Lewis akatikisa kichwa taratibu. "Miaka yote ile tulishuka kuokoa mafuta," alisema, kisha akashuka, akaenda kukaa kibandani. Gesare alimpa maji. Alikunywa vikombe viwili.

Mambo hayakugeuka mara moja. Geoffrey hakumsalimia Gesare kwa miezi mitatu. Alisema mbele ya watu kwamba fundi anakata tawi ambalo steji nzima imelikalia, kwamba Yakub amemnunua. Yakub hakuwa amemnunua. Alikuwa amemlipa nauli na soda. Gesare alipoulizwa na waendeshaji, alijibu kila mmoja kwa hesabu yake. Kama kazi yako ni ndani ya Manga na kushuka mpaka barabarani, na una stima nyumbani, ya betri itakufaa. Kama unakwenda Keroka na kurudi mara mbili kwa siku, baki na petroli, lakini leta nikupimie. Wengine walichukia jibu kama hilo. Walitaka aseme moja tu, ama nzuri ama mbaya, waende zao.

Kati ya waendeshaji arobaini na wanne wa steji ile, saba wamenunua za stima mpaka sasa. Mmoja aliiuza baada ya miezi minne, akisema kungoja chaji kunamtoa akili. Sita wameridhika, na wawili kati yao wanasema hawawezi kurudi nyuma hata wakilipwa. Steji bado inanuka petroli.

Gesare naye alikwenda kusomea betri na mota, kozi ya wiki nane Kisii mjini. Alikuwa mwanamke pekee darasani na mwenye umri mkubwa kuliko wote. Hesabu za volti zilimtesa. Kuna jioni alirudi akatupa daftari mezani na kusema amekwisha, kichwa chake ni cha kabureta. Lewis akaliokota, akaanza kumuuliza maswali ukurasa kwa ukurasa bila kuelewa hata moja, akilinganisha tu majibu yake na yaliyoandikwa. Walifanya hivyo jioni kumi na tatu. Alifaulu, si kwa alama za kujivunia, akarudi na karatasi ambayo hakuitundika ukutani kwa sababu ukuta wa mabati hutoa jasho.

Kazi ya kabureta imepungua kidogo tu. Kazi ya betri inakuja moja moja: waya uliotafunwa na panya, chaja iliyopigwa na radi, betri iliyoingia maji kwa kuoshwa chini ya mfereji. Kuna siku anakosa kabisa dawa yake na kuirudisha kwa Yakub, na hilo bado humuuma, kwa kuwa hakuzoea kusema hajui.

Mwezi uliopita mama mkwe wake, Mong'ina, mwenye miaka sabini na sita, alihitaji kwenda kliniki ya macho. Ilikuwa Jumatatu, na kijana wa petroli aliyemzoea alikuwa amesafiri. Alipewa mmoja wa wale sita. Mong'ina alikataa kuketi mpaka aisikie ikiwaka.

"Washa kwanza," alisema.

"Imewaka, mama."

"Imewaka wapi? Mimi ni mzee, si mjinga."

Iliwalazimu kumwita Gesare kutoka kibandani. Alikuja akifuta mikono kwenye kitambaa, akamwinulia gurudumu la nyuma, mwendeshaji akafungua kidogo, likazunguka. Mong'ina aliinama akalitazama lile gurudumu linalozunguka bila sauti, akaita jina la Mungu, akapanda. Alirudi saa nane mchana na miwani mipya. Gesare alimuuliza safari ilikuwaje.

"Nzuri," alisema mama mkwe. "Lakini yule mtoto anaongea sana. Na kwa hii yenu siwezi kujifanya sisikii."

Gesare alicheka mpaka akaegemea mlango. Kisha akarudi ndani, ambako Geoffrey alikuwa ameketi juu ya tairi kuukuu, koti mapajani, akingoja kabureta yake.